Neno la Mpokeaji: Adhabu kwa Matangazo ya Ngono Yasiyoombwa na Hali ya Ikutha

Kwa muda mrefu sheria ya Kenya imejaribu kuwakinga wananchi dhidi ya matangazo ya ngono kwa kuuliza swali moja: je, kilichotumwa ni kichafu kiasi cha kupotosha maadili? Swali hilo limewashinda polisi na waendesha mashtaka, na katika miaka ya karibuni majaji wamefuta vifungu vilivyojengwa juu yake. Nadai katika makala haya kwamba swali lenyewe ndilo lililokosewa. Kosa linalostahili adhabu ni kumpelekea mtu tangazo la ngono ambalo hakuliomba, na zaidi kuendelea kumpelekea baada ya kukataa. Mwenye kuamua kwamba halitakiwi awe yule aliyeletewa, na neno lake litoshe bila hakimu kupima kiasi cha uchafu. Hoja hii naijenga nikiitazama Ikutha, mji mdogo wa Kitui Kusini ulio kwenye barabara itokayo Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, pamoja na maeneo ya Makueni yanayopakana nao. Nimechagua mahali hapa kwa sababu watunga sheria za mawasiliano huwa wanamfikiria mtu mwenye simu yake, sanduku lake la posta na chumba chake cha kusomea barua. Katika eneo hili la Wakamba, yaani Ukambani, watu wa namna hiyo ni wachache, na sheria isiyowafaa walio wengi huko haiwezi kusemwa kuwa imefaulu.

Tuanze na jinsi ujumbe unavyofika. Nchini Kenya barua kwa kawaida haiji mlangoni. Huishia kwenye sanduku la posta, na vijijini sanduku hilo ni la shule, la kanisa au la ofisi ya chifu. Tangu wamisheni Walutheri kutoka Ujerumani walipojenga kituo Ikutha mwaka 1891, mwenye anwani amekuwa zaidi ni taasisi kuliko mtu mmoja mmoja. Barua ya mzazi hupitia kwa karani wa shule, ikabebwa na mwanafunzi anayeishi jirani, ikakabidhiwa nyumbani. Katalogi au kipeperushi kilichopelekwa kwa anwani kama hiyo kimefika kwa watu kadhaa kabla ya kumfikia aliyeandikiwa. Simu nayo haina tofauti kubwa. Nyumba nyingi zina simu moja ya kutegemewa, ile yenye laini ya M-PESA, na anayesoma ujumbe unaoingia mara nyingi ni mtoto wa shule, kwa kuwa nyanya haoni vizuri au hakusoma. Mtoto huyo akisikia mlio huenda anatazamia habari ya pesa zilizotumwa na mjomba aliye Mombasa, na sharti afungue, asome kwa sauti, ataje kiasi kilichoingia na salio lililobaki. Siku ambayo mlio huo unaleta tangazo la dawa ya kurefusha uume au la mazungumzo ya mahaba usiku kwa malipo, mtoto wa darasa la sita ndiye msomaji wa kwanza, na mbele yake yupo nyanya anayemuuliza, “Wamesemaje?”

Kanuni za usajili wa laini za simu zinazidisha tatizo hili bila kukusudia. Zinamtaka mzazi au mlezi amsajilie mtoto laini, jambo la busara kwa usalama. Lakini matokeo yake ni kwamba katika kumbukumbu za kampuni laini ya mtoto mara nyingi hubeba jina na kitambulisho cha mtu mzima. Mfanyabiashara anayenunua orodha ya namba hana njia ya kumtofautisha msichana wa shule ya upili na baba yake. Kwa hiyo hata mtangazaji anayesema kwa unyofu kwamba anawalenga watu wazima tu hawezi kutimiza ahadi hiyo. Hilo peke yake latosha kutushawishi kwamba kumtumia mtu ujumbe kwanza na kuuliza umri baadaye ni mpango usiofaa katika biashara hii, hata kama ungekubalika katika biashara ya mbegu za pojo.

Kisha kuna matangazo yenyewe. Mengi hayana picha. Ni maneno mafupi kuhusu nguvu za kiume, mafuta ya kukuza maungo, kumfunga mpenzi asitoke nje ya ndoa, au namba ya kupiga ili kuzungumza na mrembo. Baadhi yake hutajwa kuwa ya mganga kutoka Kitui, kwa kuwa sifa ya waganga wa Ukambani inajulikana kote nchini na imekuwa chambo cha kuuzia, hata kwa watu ambao pengine hawajawahi kukanyaga kaunti hiyo. Jina la mahali linachafuliwa mbele ya taifa zima, na wenyeji wake hawakuulizwa. Mwishoni mwa ujumbe wa matangazo unaotumwa kwa wingi huonekana herufi na tarakimu za kujiondoa, kama ile inayojulikana sana ya STOP *456*9*5#. Ukiitazama alama hiyo kwa jicho la mtu wa Ikutha, utaona mzigo umemwangukia nani. Neno la kwanza ni la Kiingereza. Yanayofuata ni alama za nyota na reli ambazo lazima zibonyezwe bila kukosea, kisha menyu ya kuchagulia, yote kabla ya skrini kuzimika. Aliyetuma ameandika jina la biashara mahali pa namba, hivyo kumjibu haiwezekani. Aliyetumiwa, ambaye hakuomba chochote, ndiye anayepewa kazi ya kujifunza jinsi ya kukataa.

Sheria iliyopo ilitungwa kwa fikra nyingine kabisa. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha kutengeneza, kusambaza na kutangaza vitu vichafu vyenye mwelekeo wa kuharibu maadili, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi 7,500. Kiasi hicho kiliwahi kuwa na uzito. Leo, kwa mtu anayeweza kutuma maelfu ya ujumbe kwa asubuhi moja, ni sehemu ndogo tu ya gharama za biashara. Msingi wa kifungu hiki ni fikra ya mahakama za Uingereza za karne ya 19, hasa kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, iliyopima uchafu kwa uwezo wake wa kupotosha na kufisidi akili za wale wanaoweza kupotoshwa. Fikra hiyohiyo ilihamishiwa kwenye mawasiliano ya kielektroniki kupitia kifungu cha 84D cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoweka faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Kando yake kulikuwa na kifungu cha 29, kilichokataza kutuma kwa mtambo wa simu ujumbe wa kuudhi mno, wa aibu au wa vitisho.

Vyote viwili vimeanguka. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu cha 29 kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, kiasi kwamba mwananchi asingeweza kujua mapema lipi ni kosa na lipi si kosa. Mwaka 2019 Jaji Wilfrida Okwany akakibatilisha kifungu cha 84D kwa sababu ya aina hiyohiyo. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sehemu za Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014, ikiwemo tafsiri yenyewe ya ponografia. Oktoba 2025, baada ya Kenya kurekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni. Wapo wanaosoma mfululizo huu kama ushahidi kwamba majaji wamelegea katika maadili. Mimi nausoma kinyume. Majaji hawakusema kwamba mwananchi lazima avumilie uchafu. Walisema kwamba serikali haiwezi kumfunga mtu kwa kipimo ambacho kila mpimaji anakishika kwa namna yake. Na ni kweli. Vifungu hivyo vilitumika zaidi dhidi ya wanablogu walioandika kuhusu wenye madaraka kuliko dhidi ya wafanyabiashara waliojaza simu za watu matangazo ya ngono. Kipimo cha uchafu kilimpa mkubwa silaha, na mnyonge hakupata ngao.

Kuna kasoro nyingine ambayo hukumu hizo hazikuwa na sababu ya kuigusa, nayo katika jamii ya Wakamba ina uzito kuliko utata wa maneno. Kipimo cha uchafu kinamtaka aliyeudhika athibitishe kwamba ameudhika kwa haki. Ili kesi ianze, mama mzee anapaswa kuichukua simu yake hadi kituo cha polisi, kumwonyesha askari, pengine kijana wa rika la mjukuu wake, maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe, kisha angojee askari aamue kama yamefikia kiwango. Baadaye yatasomwa mahakamani. Katika jamii ambamo heshima kati ya mkwe na mkwe, au kati ya mama na mwanawe wa kiume, hulindwa kwa kuyaepuka maneno ya aina hiyo, utaratibu huu unamwongezea mtu aibu kwa jina la kumwondolea. Haishangazi kwamba malalamiko hayafiki. Ukimya huo wengine huutumia kama hoja kwamba hakuna tatizo.

Mbegu ya sheria bora tayari imo katika sheria zetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Kanuni za kulinda watumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010 zilikwisha kutaka idhini ya awali kabla ya mitambo kutumiwa kumtangazia mtu biashara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu chake cha 37, inakataza kutumia data za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au ruhusa ya sheria, na Kanuni za Jumla za mwaka 2021 zinafafanua kwamba matumizi ya kibiashara ni pamoja na kumpelekea mtu katalogi kwa njia yoyote ile. Maneno hayo ya mwisho yana thamani kubwa, kwa kuwa yanaifunga karatasi iliyo ndani ya bahasha na ujumbe ulio ndani ya simu kwa kamba moja. Ofisi ya Kamishna wa Data imeonyesha kwamba inaweza kuuma: Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000, kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000, kila mmoja kwa kutumia data za watu pasipo idhini. Na kifungu cha 56 kinaruhusu malalamiko yatolewe kwa mdomo, ofisi ndiyo iyaandike, na uchunguzi umalizike ndani ya siku 90.

Basi kinachokosekana ni nini? Sheria hiyo inalitazama tangazo la ngono kama inavyolitazama tangazo la mbolea. Kwa mtazamo wake, madhara ni yale ya kutumia namba ya mtu bila ruhusa, na hayazidi hapo. Kosa la kumjazia mkulima ujumbe wa mbolea asiyoitaka ni usumbufu. Kosa la kuweka mazungumzo ya ngono kinywani mwa mtoto anayemsomea nyanya yake ni la aina nyingine. Aidha, kanuni za 2021 zinamruhusu mtangazaji kuendelea hadi atakapoambiwa aache, ikiwa mwanzoni mtu alitoa namba yake kwa biashara hiyo, akaarifiwa kuhusu matangazo na akaridhia. Kwa bidhaa za kawaida mpango huo unakubalika. Kwa matangazo ya ngono mlango unapaswa kufungwa tangu mwanzo, ufunguliwe na mwenye nyumba tu, kwa ombi lake mahususi. Nashauri Bunge liongeze katika Sheria ya Ulinzi wa Data sehemu fupi inayotaja tangazo la kibiashara la ngono, linalouza bidhaa, huduma, picha au mazungumzo ya ngono, na kulikataza lisipelekwe kwa sanduku la posta, namba ya simu au anwani ya baruapepe bila ombi la mpokeaji lililoandikwa au kurekodiwa. Mzigo wa kuthibitisha ombi uwe wa mtumaji.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii, na mafunzo yao ni ya kuchambuliwa, si ya kunakiliwa. Marekani, baada ya miaka mingi ya kupambana na uchafu katika posta tangu sheria ya Comstock ya mwaka 1873, ilibadili mwelekeo mwaka 1967. Sheria mpya ilimruhusu aliyepokea tangazo kwa posta kujaza fomu akisema kwamba yeye, kwa maoni yake mwenyewe, analiona kuwa la kuamsha ashiki. Posta haikuwa na mamlaka ya kumbishia. Ilitoa amri, na mtumaji akawajibika kulifuta jina hilo katika orodha zake zote na kuacha kuliuza kwa wengine. Mzazi aliweza kuomba amri hiyo iwajumuishe watoto wake wanaoishi naye ambao hawajatimiza miaka 19. Wachapishaji na wauzaji wa orodha za majina walipinga, na mwaka 1970 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rowan, iliwakatalia. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba hakuna mwenye haki ya kumlazimishia mtu asiyetaka hata mawazo mema. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya pili, iliyomwezesha mtu kujiandikisha mapema posta kabla hajaletewa chochote, na adhabu ya kukaidi kwa mara ya kwanza ikafikia kifungo cha miaka 5. Uingereza nayo, kwa Sheria ya Bidhaa na Huduma Zisizoombwa ya mwaka 1971, ililifanya kuwa kosa kumpelekea mtu kitabu, jarida au kipeperushi kinachoeleza mbinu za kujamiiana, au tangazo la kitabu cha namna hiyo, huku mtumaji akijua au akipaswa kujua kwamba hakikuombwa. Kitabu hichohicho kingeweza kuuzwa dukani kihalali. Sheria ilichotazama ni kama mtu alikiomba.

Katika sheria ya Marekani kinachonivutia zaidi ni kile ambacho wengi walikiona kuwa udhaifu wake: kwamba mtu aliweza kusema katalogi ya kawaida kabisa inamwamsha ashiki, na posta ikalazimika kukubali. Kwa macho ya mwanasheria aliyezoea kipimo cha uchafu, huo ni mzaha. Kwa macho yangu ndiyo nguvu ya sheria yenyewe. Serikali haikuhitaji kusoma, kutazama wala kukadiria. Karani wa posta hakugeuzwa mlinzi wa maadili. Kilichohukumiwa kilikuwa tendo linaloonekana wazi, yaani kutuma baada ya kukatazwa, na tendo la namna hiyo huthibitishwa kwa tarehe mbili tu: tarehe ya amri na tarehe ya barua iliyofuata. Mama wa Ikutha chini ya mpango huo asingeonyesha mtu maneno yoyote. Angesema, “Sitaki,” na kazi ingebaki kwa mtumaji.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kubana uhuru wa kujieleza unaolindwa na Kifungu cha 33 cha Katiba. Hoja hii inastahili jibu la uzito, kwa kuwa ndiyo iliyoziangusha sheria za awali. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki ipunguzwe kwa sheria ikiwa upunguzaji ni wa kiasi, una lengo la haki, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kulifikia. Sheria ninayoitetea haimzuii mtu kuandika, kuchapisha, kuuza wala kununua. Haigusi gazeti lililo kibandani wala tovuti ambayo mtu ameifungua kwa hiari yake. Inagusa hatua moja tu, ile ya kuuingiza ujumbe kwenye nyumba ya mtu. Uhuru wa msemaji unahitaji hadhira, naam, ila haumpi hadhira ya kulazimishwa. Na kipimo chake hakina utata, kwa kuwa msemaji anajua kabla ya kutuma kama ameombwa au la. Kasoro iliyoviua vifungu vya 29 na 84D haipo.

Pingamizi zito kuliko hilo linatoka kwa wahudumu wa afya, nami nalichukua kwa uzito wote. Wanaogopa kwamba neno ngono likishaingia katika sheria ya adhabu, ujumbe kuhusu kondomu, uzazi wa mpango, upimaji wa Virusi vya Ukimwi au ukatili wa kijinsia utaanza kuogopwa. Katika maeneo kama Kitui Kusini na Kibwezi, ambako kituo cha afya chaweza kuwa mbali na nyumbani kwa mwendo wa saa kadhaa, ujumbe wa simu ni njia ambayo msichana anaweza kuelimishwa bila kuonekana na jirani. Historia inawaunga mkono wenye hofu hii. Sheria ya Comstock ilitumika kwa miongo mingi kuzuia habari za uzazi wa mpango, na ilichukua hadi mwaka 1983, katika kesi ya Bolger dhidi ya Youngs Drug Products, kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kubatilisha marufuku ya kupeleka kwa posta matangazo ya vizuia mimba yasiyoombwa. Kesi hiyo ilihusu vipeperushi vya kampuni ya kondomu, vyenye maelezo ya magonjwa ya zinaa na faida ya kuyazuia. Mahakama ilisema mzazi anaweza kukitupa kipeperushi, na kwamba serikali haiwezi kuwanyima wengine wote habari muhimu kwa sababu hiyo.

Rowan na Bolger, zikisomwa pamoja, zinaonyesha mpaka unapopita. Mpokeaji anaweza kukataa. Serikali haiwezi kukataa kwa niaba ya kila mtu. Kwa hiyo sehemu ninayopendekeza lazima itaje kwa maneno yake kwamba tangazo la kibiashara la ngono ni lile linalouza ashiki, na kwamba habari za afya, elimu na msaada kwa walioathirika, zitoke Wizara ya Afya, serikali ya kaunti, shirika au hata kampuni inayouza kondomu, hazimo. Najua kwamba hapa nimerudisha kidogo kazi ya kufasiri, na kwamba muuzaji wa dawa ya nguvu za kiume atajiita mhudumu wa afya. Dawa yake ipo: kumtaka anayedai msamaha huo aonyeshe usajili wa bidhaa yake au leseni ya huduma yake. Mwenye leseni atapita. Asiye nayo amekwisha kuvunja sheria nyingine kabla hata hatujaufikia ujumbe wake. Likibaki shaka, shaka hiyo iwe kwa faida ya mwenye kutoa habari, na mpokeaji abaki na haki yake ya kusema asitumiwe tena.

Kuhusu wanaosema kwamba mtu aifunge tu namba inayomsumbua, nimekwisha kuonyesha kwamba asiyejua Kiingereza na anayetumia simu ya kitufe hana wepesi huo, na kwamba mtumaji anayejificha nyuma ya jina hubadilisha jina kesho. Kufunga namba ni kufukuza nzi mmoja mmoja huku mzoga ukiwa umeachwa uani.

Adhabu zenyewe zinahitaji kupimwa kwa uangalifu, maana mashaka ya wananchi kuhusu polisi kupewa kosa jipya la kukamatia vijana yana msingi. Nisingependa kumwona kijana wa kibanda cha simu Ikutha akitiwa ndani kwa ujumbe aliousambaza kwa rafiki zake bila kufikiri. Ndiyo maana sheria iwahusu wanaotuma kibiashara tu, na ngazi ya kwanza iwe mikononi mwa Kamishna wa Data, si polisi: amri ya kuacha na ya kuifuta namba au anwani katika orodha zote, ikiwemo zilizokwisha kuuzwa kwa wengine. Ngazi ya pili iwe faini inayohesabiwa kwa kila mpokeaji, ili faida ya kutuma kwa wengi igeuke kuwa hasara ya kutuma kwa wengi; hapa ndipo shilingi 7,500 za Kanuni ya Adhabu zilipoteleza. Kifungo kibaki kwa mwenye biashara aliyekaidi amri aliyokabidhiwa, na kwa muuzaji wa orodha aliyeuza jina baada ya kuamriwa alifute. Shule za msingi na za upili, pamoja na masanduku ya posta yanayomilikiwa nazo, zihesabiwe kuwa zimekataa tangu siku sheria inapoanza, bila kujaza fomu yoyote.

Serikali za kaunti zina nafasi ambayo hazijaitumia vya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa huduma za posta na mawasiliano ya simu, lakini linazikabidhi kaunti udhibiti wa matangazo ya nje na, kwa kuitaja, ponografia. Mabunge ya Kitui na Makueni hayawezi kutunga sheria kuhusu ujumbe wa simu. Yanaweza kutunga kuhusu mabango na karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme, kuta za maduka na stendi za matatu kuanzia Wote na Kibwezi hadi Mutomo, ambazo hutangaza bidhaa zilezile zikiwa na namba ya simu chini. Lazima nikiri kwamba hoja yangu ya mpokeaji haifiki huko moja kwa moja. Karatasi ya ukutani haikutumwa kwa mtu yeyote, na mpita njia hawezi kujaza fomu ya kukataa nguzo. Kwa hiyo kipimo cha kaunti kiwe cha mahali: marufuku ndani ya umbali uliotajwa kutoka shule, zahanati na nyumba za ibada, na sharti la ruhusa ya maandishi ya mwenye ukuta kwingineko. Na kwa kuwa kila laini nchini sharti isajiliwe kwa jina na kitambulisho, namba iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo ni saini tosha ya aliyeibandika.

Imebaki hofu ya mwisho, kwamba watumaji wengine wako nje ya nchi na amri ya Nairobi haiwafiki. Kwa barua pepe hofu hiyo ni ya kweli, na sheria ya nchi moja haitaimaliza. Kwa ujumbe wa simu unaotumwa kwa wingi hali si hiyo, kwa sababu kila ujumbe wa jina, utoke popote, lazima upite kwenye mtambo wa kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Serikali inalijua hilo. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka hiyo pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa zilitoa mwongozo uliowataka wenye mitandao kuhakiki ujumbe wa kisiasa wa jumla kabla haujatumwa. Hakuna anayetaka kampuni zisome kila ujumbe wa biashara, na sheria ninayoipendekeza haizihitaji kusoma. Inazihitaji tu kulinganisha orodha ya namba za mteja na daftari la waliokataa, na kuwajibika zisipofanya hivyo. Daftari hilo liwe bure, na jina liingizwe kwa kupiga namba moja fupi inayojibu kwa sauti, kwa Kiswahili na Kikamba, au kwa kumwambia karani wa posta au chifu aandike. Mwenye simu aulizwe maswali mawili tu: namba yake, na kama kuna watoto nyumbani wanaoitumia.